Amani ya moyo katika Majilio: kwa nini tunapitishwa kwanza kwa Yohana Mbatizaji

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nawasalimu kwa namna zote mbili kwa sababu humu tupo Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na ndugu zetu wa makanisa ya Kipentekoste, na jambo ninalolileta linatuhusu sote, hata wale ambao makanisa yao hayana katika kalenda kipindi cha Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Noeli.

Kila ifikapo mwishoni mwa Novemba, mafundisho juu ya amani ya moyo huongezeka mimbarani, redioni na katika makundi ya WhatsApp, na mengi yanasema jambo lilelile: tulia, mwachie Mungu, usiwaze sana, Mfalme wa Amani anakuja. Si maneno ya uongo. Tatizo ni kwamba anayeyapokea ana ada ya Januari inayomsubiri, ana nauli ya familia nzima kwenda kijijini, ana mchango wa ukoo ambao hajautoa, na ana kaka ambaye hawasemeshani tangu shamba la baba lilipogawanywa, naye anajua fika kwamba tarehe 25 watakutana katika ua uleule. Akiambiwa atulie, atajitahidi kutulia kwa muda wa sala, lakini akifumbua macho atayakuta mambo yake palepale alipoyaacha, na juu yake ameongezewa hofu mpya, kwamba huenda imani yake ni haba.

Hoja yangu ni kwamba Majilio, jinsi Kanisa lilivyoyapanga, hayaanzi kwa kumtuliza mtu. Yanaanza kwa kumwamsha, kisha yanampeleka kwa Yohana Mbatizaji ili aulizwe habari za mikono yake, na amani tunayoitafuta inapatikana baada ya mazungumzo hayo. Wengi wetu tunaikosa kwa sababu tunaruka kutoka mshumaa wa kwanza wa Majilio moja kwa moja hadi horini kwa mtoto Yesu.

Nianze na kalenda yenyewe, nikifuata mapokeo ya Kikatoliki ambayo ndiyo ninayoyafahamu zaidi. Majilio huanza Dominika (Jumapili) iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, na huwa na Dominika nne. Urefu wake ni kati ya siku 22 na 28, kutegemea Noeli imeangukia siku gani ya juma. Hadi tarehe 16 Desemba, masomo na sala huelekeza macho zaidi kwenye kuja kwa Bwana mara ya pili, na ni kuanzia tarehe 17 ndipo Kanisa linageukia waziwazi habari za kuzaliwa kwake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kipindi hiki haizungumzii mtoto mchanga hata kidogo. Tena kuna jambo ambalo waimbaji wa kwaya wanalijua vizuri kuliko sisi wengine: katika Dominika za Majilio wimbo wa Utukufu hauimbwi. Wimbo huo ndio unaoanza na maneno ya malaika juu ya amani duniani. Yaani katika majuma haya ambayo kila mmoja wetu anaitafuta amani, Kanisa linaunyamazisha wimbo wa amani na kuuweka akiba hadi usiku wa Noeli.

Masomo ya Misa za Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Dominika ya kwanza ya Mwaka C, kama ilivyokuwa tarehe 1 Desemba 2024, tunasoma Luka 21, na pale Yesu anasema: "Basi, jiangalieni, mioyo yenu isije ikalemewa na ulafi, na ulevi, na masumbufu ya maisha haya." Ninaomba tuisome tena orodha hiyo polepole. Ulafi na ulevi tumezoea kuvihubiri, hasa Desemba, lakini masumbufu ya maisha tumeyaweka katika kundi la mambo ya kusikitikiwa, kana kwamba mwenye masumbufu hana la kufanya ila kufarijiwa. Bwana ameyaweka katika sentensi moja na ulevi, kwa sababu yanafanya kazi ileile: yanaulemea moyo hata usione kinachokuja. Mtu anaweza kuingia Noeli akiwa hajaonja hata tone la pombe, naye amelewa hesabu za ada.

Halafu anakuja Yohana. Katika miaka yote mitatu ya masomo, A, B na C, Dominika ya pili na ya tatu ni zake. Kati ya Dominika nne, mbili amepewa mtu aliyevaa singa za ngamia na kula nzige, na sidhani kwamba mpangilio huo ni wa bahati. Dominika ya pili ananukuliwa Isaya: itengenezeni njia ya Bwana, kila bonde litajazwa, kila mlima na kilima vitashushwa. Sisi tunalielewa neno hili pengine kuliko watu wa Ulaya, kwani tunajua jinsi greda linavyotokea ghafla katika barabara ya mtaani, mashimo yakafukiwa kwa siku mbili, na watu wakaulizana ni kiongozi gani anakuja. Tofauti ni kwamba kiongozi huyu hapiti kwa gari na kuondoka. Anakuja kukaa, na barabara inayotengenezwa ni ile iliyomo ndani ya mtu.

Dominika ya tatu ya Mwaka C ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Katika Luka 3 makutano wanamwuliza Yohana: tufanye nini basi? Kwa mahubiri makali kama yale, mtu angetarajia awaambie wafunge siku arobaini, au wakeshe, au wamfuate jangwani. Badala yake anawaambia kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru hawaambii waache kazi; anawaambia wasitoze kitu zaidi kuliko walivyoamriwa. Askari anawaambia: "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu." Ni majibu ya kawaida mno, na yanahusu kabati la nguo, stakabadhi na mshahara. Kila mmoja anarudishwa mahali pake pa kazi na kuonyeshwa kitu kimoja kilichopinda pale pale alipo.

Sasa, katika Misa hiyohiyo, somo la pili ni Wafilipi 4:4-7, ambalo wengi tunalijua kwa moyo: "Msijisumbue kwa neno lo lote," na mwisho wake ni ahadi ya amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itakayoihifadhi mioyo yetu na nia zetu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya somo hili, na karibu yote yanalichukua peke yake. Lakini aliyepanga masomo ameliweka kando ya majibu ya Yohana, siku moja, ambayo ni Dominika ya furaha, ile ambayo padre anaweza kuvaa rangi ya waridi badala ya zambarau. Ahadi ya amani na agizo la kutotoza zaidi vinasikika katika saa moja, kutoka mimbara moja. Mtu akichukua ahadi na kuliacha agizo, atashangaa kwa nini ahadi haimshiki.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Aljeria, aliandika katika kitabu cha 19 cha Mji wa Mungu kwamba amani ni utulivu unaotokana na mpangilio, yaani kila kitu kuwa mahali pake panapostahili. Aliianza kazi hiyo baada ya Roma kutekwa mwaka 410, na alifariki mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuongelea amani kutoka barazani penye upepo mzuri. Kwa maelezo yake, utulivu ni tunda. Huwezi kuutafuta wenyewe ukaupata, kwa sababu unazaliwa na kitu kingine kilichotangulia, na Isaya alikuwa amekwisha kukitaja: "Na kazi ya haki itakuwa amani." Dawa ya deni ni kulipa, wazee walisema, na mtu anayeomba usiku kucha aondolewe hofu ya simu ya anayemdai, ilhali pesa ya kupunguza deni ameitumia kununua nguo za sikukuu, anaomba tunda bila mti.

Hata hivyo sitaki kuishia hapo, maana hoja ikiishia hapo itawaumiza walio na masumbufu ambayo hawakuyatengeneza na hawana uwezo wa kuyanyoosha. Yapo mambo ambayo hayana "tufanye nini". Ugonjwa wa mtoto, kesi inayosogezwa mbele kila mwezi, ajira iliyokoma. Kwa hawa Majilio yana sura ya pili, na ni Yohana huyohuyo anayeifungua. Dominika ya tatu ya Mwaka A tunamkuta gerezani, akiwatuma wanafunzi wake kwa Yesu na swali: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Aliyemwonyesha Masiya kwa kidole mtoni Yordani, sasa anauliza kama hakukosea. Injili haisemi kwamba alitolewa gerezani, tunajua alivyokufa. Alipelekewa habari: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, maskini wanahubiriwa habari njema. Akaachwa azisubiri habari hizo zifanye kazi ndani yake, mlango ukiwa bado umefungwa.

Katika karne iliyopita Wakristo wawili waliishi jambo hilo katika gereza moja, Tegel, mjini Berlin, chini ya utawala wa Hitler. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyekamatwa Aprili 1943, aliandika barua Novemba mwaka huo akimweleza rafiki yake kwamba chumba cha gereza kinaweza kulinganishwa na Majilio, kwa kuwa humo mtu husubiri, hutumaini, hufanya hili na lile lisilo na uzito mkubwa, na mlango wake hufunguliwa kutoka nje tu. Mwaka uliofuata, katika gereza hilohilo, padre Alfred Delp, Mjesuiti, aliandika tafakari za Majilio akiwa amefungwa pingu mikononi, na karatasi zake zikatolewa kwa siri pamoja na nguo za kufuliwa. Tarehe 8 Desemba 1944, ndani ya gereza, aliweka nadhiri zake za mwisho za kitawa. Delp alinyongwa tarehe 2 Februari 1945, na Bonhoeffer tarehe 9 Aprili mwaka huohuo. Sidai kwamba walikuwa hawaogopi; maandishi yao yenyewe yanaonyesha hofu, uchovu na usiku mrefu. Ninachokiona kwao ni watu waliokwisha kunyoosha kilichokuwa katika uwezo wao, kwa gharama kubwa, na kilichobaki wakakiacha kwa yule anayefungua kutoka nje. Tarehe 20 Desemba, katika masifu ya jioni, Kanisa huimba antifona (kiitikio kifupi) ya Ufunguo wa Daudi, ambayo inamwomba Kristo aje amtoe mfungwa katika nyumba ya kifungo, aliyeketi gizani na katika uvuli wa mauti. Ni sala ya mtu ambaye hana ufunguo.

Kwa matendo, ninapendekeza kila mmoja achague jambo moja tu lililopinda ambalo liko ndani ya uwezo wake, alinyooshe kabla ya tarehe 17, na baada ya hapo aziachie siku zilizobaki kazi ya kusubiri. Jambo moja linatosha, maana anayeandika orodha ya mambo kumi ameongeza masumbufu. Kwa Wakatoliki, kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, kina nafasi yake hapa, na ni vema kwenda katika juma la kwanza au la pili kuliko kupanga mstari mrefu mkesha wa Noeli, wakati padre mmoja ana vigango vingi na kila mtu amebakiwa na dakika mbili.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Bwana Yesu asifiwe, ndugu mleta uzi. Nimesoma kwa makini na nimebarikiwa, ila nina hoja ya kupinga. Mimi ni wa kanisa la Kipentekoste, hatuna Majilio, na Biblia haijaagiza kipindi hicho. Lakini si hilo linalonisumbua zaidi. Yesu amesema katika Yohana 14:27: "Amani nawaachieni, amani yangu nawapa." Amekwisha kutoa. Kwa maelezo yako naona kama amani inakuwa mshahara wa kazi: lipa deni, patana na kaka, ndipo upewe. Mtu aliyeokoka hapewi amani kwa sababu amelipa deni. Anapewa kwa sababu Kristo amemlipia lake. Naogopa uzi huu unaweza kumrudisha mtu chini ya sheria.

Mleta uzi

Amina, ndugu yangu. Pingamizi lako ni zito na limenipa nafasi ya kusema jambo ambalo nililipita haraka. Nakubali kabisa kwamba amani ni zawadi na kwamba haina bei. Lakini angalia Yohana 14:27 ilisemwa lini: usiku uleule wa kukamatwa kwake, na waliopewa zawadi hiyo walikimbia kabla jogoo hajawika. Zawadi ilikuwa imetolewa kweli, na bado waliihitaji siku nyingine, milango imefungwa kwa hofu, ili aingie awaambie tena "Amani iwe kwenu". Kupewa na kupokea si lazima vitokee kwa saa moja.

Kuhusu sheria, mfano unaonisaidia ni Zakayo katika Luka 19. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, mtu wa kundi lilelile lililoambiwa na Yohana lisitoze zaidi. Yesu ndiye aliyeanza: alimwita kwa jina na kujialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Kisha Zakayo, mwenyewe, bila kuombwa, akatangaza nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Neema ilitangulia, lakini ilipofika iligusa vitabu vya hesabu. Ninachokipinga ni amani inayoingia nyumbani kwa Zakayo na kuiacha hesabu yake kama ilivyokuwa.

Kuhusu Majilio kutoagizwa katika Biblia, ni kweli. Ni utaratibu wa Kanisa wa kusoma Maandiko kwa mpango ili tusichague yale tu yanayotupendeza. Asiyekuwa nao anaweza kusoma Luka 3 wakati wowote wa mwaka, na Yohana hatamsemesha kwa upole zaidi.

Mama kutoka Arusha

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, na nashukuru mchungaji wetu Bonhoeffer ametajwa. Napenda kuongeza habari ya shada la Majilio, kwa kuwa watoto wangu wa shule ya Jumapili huniuliza kila mwaka. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni mchungaji Johann Hinrich Wichern wa Hamburg, Ujerumani, aliyekuwa na nyumba ya kulea watoto maskini. Mwaka 1839 alichukua gurudumu akaliwekea mishumaa mikubwa minne kwa ajili ya Jumapili, na midogo kwa ajili ya siku za katikati, ili watoto waone wenyewe siku zinavyosogea kuelekea Krismasi. Kwa hiyo lilianza kama msaada kwa watoto wasio na wazazi wa kuwahesabia siku, wala halikuwa pambo la madhabahuni.

Jambo la pili linaunga mkono hoja yako. Katika makanisa mengi mshumaa wa pili huitwa mshumaa wa amani. Na umesema mwenyewe Jumapili ya pili ni ya Yohana. Tunawasha amani, kisha tunasomewa habari za shoka lililowekwa penye mashina ya miti! Nilikuwa naona havipatani. Mwaka huu nitawaeleza watoto tofauti.

Mleta uzi

Asante sana, mama. Hilo la mshumaa wa pili sikuwa nimeliunganisha, na linaeleza hoja yangu vizuri kuliko aya zangu zote.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mhazini wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, kilichozaliwa ndani ya jumuiya yetu ndogo ndogo, na Desemba ndiyo tunavunja, yaani tunagawana akiba. Napenda kueleza jinsi Luka 3 inavyoonekana kutoka upande wangu wa meza. Siku ya kugawana, sanduku linaletwa na watu watatu wenye funguo tatu, kufuli zinafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa mara mbili kwa sauti, na kila mwanachama anasomewa hisa zake, mkopo wake, marejesho na faini. Hakuna pa kujificha. Nimegundua kwamba wasiokuja siku hiyo ni walewale waliokwisha kuacha kuja kwenye sala ya jumuiya tangu Oktoba. Hawakuacha sala kwa sababu imani imepungua. Wameacha kwa sababu tunasali nyumbani kwa mtu wanayemdai au anayewadai.

Mwaka juzi dada mmoja alikuja kabla ya siku ya kuvunja, akaketi na viongozi, akasema hana pesa yote, ana theluthi moja, na iliyobaki ataitoa kidogo kidogo hadi Juni. Tuliandika, akatia sahihi. Deni halikuisha siku hiyo, lakini Alhamisi iliyofuata alikuwa kwenye sala, na ndiye aliyesoma somo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kunyoosha si lazima kumaliza.

Swali langu: nimemwendea ndugu yangu kupatana, mara zaidi ya moja, naye amekataa, tena amenitukana mbele ya watoto. Je, amani yangu imefungwa mikononi mwake? Na la pili, dogo: umesema Kanisa linanyamazisha wimbo wa amani, lakini amani tunapeana kila Misa, hata katika Majilio.

Mleta uzi

Milele amina. Nianze na dogo, kwa sababu umenisahihisha kwa haki: kutakiana amani hakuondolewi. Lakini tazama kunakaa wapi. Ni baada ya Baba Yetu, ambamo tumeomba tusamehewe kama tunavyosamehe, na kabla ya kwenda kukomunika. Utaratibu huo unafanana na agizo la Mathayo 5, la kuiacha sadaka mbele ya madhabahu, kwenda kwanza kupatana na ndugu, ndipo kurudi.

Kuhusu ndugu yako, Mtume Paulo ameweka mpaka wa wajibu wako katika Warumi 12:18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Yapo maneno mawili ya kulinda pale, "kama yamkini" na "kwa upande wenu". Paulo alijua kwamba kuna wakati haiwezekani, na hakumtwisha mtu upande wa mwenzake. Wewe umekwisha kufanya sehemu yako. Isipokuwa kama kuna jambo ambalo unalishikilia wewe, kwa mfano hati au mpaka wa shamba, hilo ni vema ukajiuliza kwa ukweli; kama halipo, kataa kulala na kesi hiyo kana kwamba wewe ndiye hakimu na mshitakiwa. Usiende tena Desemba hii. Ukimkuta uani tarehe 25, msalimie kama unavyomsalimia kila mtu, uwape watoto wake soda kama unavyowapa wako, na usitafute maongezi mbele ya ukoo.

Habari ya dada wa theluthi moja naiacha kama ulivyoiandika. Sina cha kuiongezea.

Mchangiaji kutoka Muscat

Tumsifu Yesu Kristo. Ninafanya kazi Oman, ni muuguzi, na huku wengi wetu tunasali Misa ya Dominika siku ya Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Mama yangu alifariki Agosti na sikuweza kufika mazikoni. Sina deni, sina ugomvi na mtu. Sina la kunyoosha. Lakini Majilio yalipoanza na watu wakaanza kupanga safari za nyumbani, niliona kama kuna kitu kinanikaba kifuani. Dominika ya furaha ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Zamu zangu mara nyingine zinaangukia hata Ijumaa, kwa hiyo sina hakika ya Misa. Nisali nini?

Mleta uzi

Pole sana, dada, na pole ya kufiwa ukiwa mbali, kwani msiba usiozika mwenyewe huchelewa kukuachia.

Wewe si wa kundi la kunyoosha. Uko katika kundi la wanaosubiri, na Majilio yalikuwa yenu kabla hayajawa yetu. "Watulizeni mioyo, watu wangu" ya Isaya 40 iliambiwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, wakizika na kuzikwa mbali na kwao. Dominika ya furaha haikudai ucheke. Paulo aliyeandika "Furahini katika Bwana" alikuwa kifungoni alipoandika, na barua hiyohiyo inataja huzuni juu ya huzuni. Ukilia katika Misa hiyo hujaharibu kitu. Na kama kukabwa huko kifuani kunakunyima usingizi kwa majuma, au kunakuzuia kula, wewe ni muuguzi, unajua kwamba ni jambo la kumwona daktari, na kumwona daktari hakupunguzi sala.

Kuhusu sala: chukua wimbo wa Zakaria, Luka 1:68-79, ambao Kanisa huusali kila siku katika masifu ya asubuhi. Zakaria aliuimba baada ya miezi ya kuwa bubu, siku mwanawe alipotahiriwa na kupewa jina, na huyo mwanawe ndiye Yohana tunayemzungumzia tangu mwanzo wa uzi huu. Usome kabla ya zamu, hata ukiwa umesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hauchukui dakika tatu. Wimbo unamtaja mtoto atakayetangulia kutengeneza njia, kisha unawataja wakaao katika giza na uvuli wa mauti, na maneno yake ya mwisho ni "kuiongoza miguu yetu kwenye njia ya amani". Ukifika kwenye uvuli wa mauti, mtaje mama kwa jina lake. Siku ambayo huwezi kuumaliza, soma mistari miwili ya mwisho tu.

Na tuandikie hapa jina la ubatizo la mama, kama hutajali, ili jumuiya zetu zimwombee Alhamisi hii.